Kutoa ni Moyo, Kupokea ni Nini?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno usambe, ambalo wengi siku hizi hulitamka bila ya kulipima, ni la Kiswahili cha kale cha watunzi: usiambe, yaani usiseme. Kwa hiyo methali hii haimsifu mtoaji peke yake, inamkanya pia msemaji. Inamkanya yule asimamaye kando akihesabu ya watu, asije akanena kwamba fulani ametoa kwa kuwa anacho na fulani hakutoa kwa kuwa hana. Ni maneno ya watu wa pwani, lakini swali linalozaliwa nayo limeenea nchi nzima. Ikiwa kutoa ni moyo, na moyo hauonekani, jamii yenye haja ya paa, dawa na karo itaupima kwa kipimo gani? Na ikiwa kipimo chenyewe ni fedha, moyo utabakiwa na nini?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa jicho la Ukristo na katika pahala pamoja, nao ni mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania. Singida ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, na mwaka ambao msimu huo unakosa, hapana msimu wa pili wa kufidia. Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi, Wanyiramba, Wagogo wa upande wa Manyoni, na jirani zao wafugaji na wawindaji, wameishi kwa mtama, uwele, ng'ombe na asali, na katika miongo ya karibuni kwa alizeti na vitunguu. Kuku wa Singida wanajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Waislamu na Wakristo huishi huko mtaa mmoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Walutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipowaondosha, Wamarekani wa Augustana walichukua pahala pao katika miaka ya 1920. Wakatoliki wana jimbo lao la Singida tangu mwaka 1972. Waanglikana wana historia ndefu huko Kilimatinde.

Msomaji wa visiwani ana sababu ya kuitazama nchi hiyo ya mbali kana kwamba ni jirani yake, nayo ni lugha. Injili ilipofika bara ilikikuta Kiswahili kimekwisha kutangulia pamoja na misafara, na ilipotaka kuzungumza juu ya mali na kutoa, iliazima maneno kutoka pwani. Sadaka, zaka na wakfu ni maneno matatu yaliyokulia misikitini kabla ya kuingia makanisani. Mathias Mnyampala, Mgogo Mkatoliki wa Dodoma, alipoitia Injili katika bahari ya utenzi, alikuwa akiirejesha pwani ile pwani iliyokuwa imekwisha kumpa maneno. Lakini maneno yanaposafiri hubeba maana na huacha maana. Zaka ya Mwislamu ni sehemu moja katika arubaini ya mali iliyofikia kiwango chake na kupitiwa na mwaka, na Qurani katika Sura ya Tawba imewataja wanaostahiki kuipokea, mafukara na maskini wakiwa wa mwanzo. Zaka ya Mkristo ni fungu la kumi. Mkristo wa Iramba akisema kanisa jipya limewekwa wakfu, anatumia neno ambalo kwa mtu wa Unguja ni la nyumba, shamba au kisima kilichotolewa katika soko moja kwa moja, kisiuzwe, kisirithiwe, wala kisitolewe hiba. Maana hiyo ya pwani itafaa kukumbukwa huko mbele.

Kabla ya sarafu, mali ya Singida ilikuwa na miguu minne. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi Unyaturu muda mfupi kabla ya Uhuru na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alionesha jinsi ng'ombe walivyokuwa akiba na kipimo cha thamani, na jinsi shamba lenyewe lilivyotegemea zizi kwa ajili ya samadi. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote pahala pamoja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa vijiji vingine: mtunzaji akapata maziwa na samadi, mwenye mali akabaki na haki ya ndama. Maradhi au ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine hunusurika. Hivyo ndivyo tajiri alivyojikinga, na kwa kujikinga huko, nyumba isiyo na ng'ombe ilipata maziwa ya mtoto na mbolea ya shamba.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hapo palikuwa na ukarimu mtupu, na kwamba tamaa iliingia na wageni. Lakini kitabu hichohicho kinaonesha watu wanaopiga hesabu zao sawasawa. Mwaka wa njaa, mwenye nafaka alibadilisha nafaka kwa ng'ombe wa jirani yake mwenye shida, na mvua iliporudi yeye alikuwa na zizi, na jirani hakuwa na kitu ila uhai. Mali hiyo ya miguu minne ilikuwa na tabia moja tu inayostahiki kuangaliwa: haikuweza kufichwa. Kila mtu aliwaona ng'ombe wa tajiri wakienda kunywa maji, na kila mtu alijua ni wa nani. Aliyenyima alijulikana kuwa amenyima. Mali ya namna hiyo humweka mwenyewe mbele ya macho ya watu, apende asipende.

Sarafu ni mali ya namna nyingine, na mkoa wa Singida una kisa chake katika jambo hilo. Huko Sekenke, upande wa Iramba, Wajerumani waligundua dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20 na kufungua mgodi. Vita vilipozuka mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikaifunga bahari, koloni likapungukiwa na fedha za kulipia. Ndipo mwaka 1916, mjini Tabora, zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Upande mmoja palichorwa tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Leo wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei kubwa sana, na katika uso wake hapana alama yoyote ya jasho la waliochimba. Mtu aliyeishika mkononi hakuweza kujua imetoka kwa nani wala imempitia nani. Ng'ombe ana mama yake na zizi lake, lakini sarafu husahau.

Miaka ileile, serikali na majeshi yaliyopigana yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosa. Ugogo, nchi inayoenea hadi Manyoni, ikaingia katika njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo wenyeji waliiita Mtunya, na watu wengi mno walikufa. Sarafu za tembo na makaburi ya Mtunya ni vitu vya kizazi kimoja na vya nchi moja. Mkristo anayevitazama pamoja hawezi kukikwepa kile kisa cha Injili ambapo Yesu aliulizwa juu ya kodi, naye akaomba aoneshwe sarafu na kuuliza picha iliyomo ni ya nani. Jibu lake linajulikana: cha Kaisari apewe Kaisari, cha Mungu apewe Mungu. Wafafanuzi wa tangu zamani wameuliza swali la pili ambalo jibu hilo limelificha. Ikiwa sarafu ni ya Kaisari kwa kuwa ina sura yake, ni kitu gani chenye sura ya Mungu? Kitabu cha Mwanzo kimekwisha kujibu kwamba ni mwanadamu. Kaisari anaweza kudai chuma chake, lakini aliyemla mtu ili apate chuma amechukua kisichokuwa chake.

Hapo ndipo ulipo msingi wa mafundisho ya Kikristo juu ya fedha, nayo mara nyingi husimuliwa vibaya. Maandiko hayasemi fedha ni uovu. Mtume Paulo, katika waraka kwa Timotheo, alilaumu kuipenda. Yesu aliipa mali cheo cha bwana na kusema mtumishi hawezi kutumikia mabwana wawili, na katika mfano wa tajiri aliyevuna sana hakumlaumu kwa kuvuna. Kosa la tajiri yule ni kwamba alipojiuliza aweke wapi mavuno yake, hakumwona mtu yeyote mwingine. Alisema na nafsi yake tu, akakusudia kuvunja ghala na kujenga kubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakiwa. Watu wa Singida hawahitaji kufafanuliwa mfano huo, kwani kihenge ni kitu cha kila siku kwao, na wanajua maana ya kihenge kilichojaa katika kijiji kilicholala na njaa.

Karibu mwaka 369, katika njaa ya Kapadokia, Basili wa Kaisaria, aliyekuwa bado kasisi, alihubiri juu ya mfano huo mbele ya watu wenye maghala yaliyofungwa. Aliwaambia, kwa maana, kwamba chakula wanachokizuia ni cha mwenye njaa, nguo iliyomo kabatini ni ya aliye uchi, na kwamba aweza kutoa na asitoe huyo amedhulumu. Hiyo ni kauli nzito kuliko wengi wanavyoizoea. Ukarimu kwa Basili hauongezi kitu juu ya haki, ni kulipa deni. Wapenzi wa ushairi wa pwani watakumbuka kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate na majumba ya matajiri wake akaulaumu moyo wake mwenyewe kwa kughurika na dunia. Mhubiri anasema na tajiri kabla ya kufa kwake, mshairi anasema na moyo wake baada ya matajiri kufa. Wote wawili wanajua kwamba mali inayozuiwa haibaki.

Swali la kipimo, lililoulizwa hapo mwanzo, linaonekana wazi zaidi katika jambo moja linalofanyika Jumapili katika makanisa mengi ya Tanzania, hasa ya Kilutheri, nalo ni mnada wa sadaka. Asiye na fedha hutoa alichonacho. Huleta kuku, mayai, debe la mtama, mkungu wa ndizi kwa nchi zenye ndizi, chupa ya asali au mafuta ya alizeti kwa nchi kama Singida. Vitu hivyo hupelekwa mbele na kuombewa. Ibada ikiisha watu hutoka nje, mmoja mwenye sauti husimama mlangoni, hunyanyua kuku na kuanza kutaja bei. Watu hupandiana, hucheka, hutaniana. Yai moja huweza kufikia bei ya mayai kumi. Wakati mwingine mnunuzi hukilipia kitu kisha akamrudishia aliyekitoa, au akamzawadia mgeni, au akakirudisha mnadani kiuzwe tena. Fedha huingia katika hazina ya usharika.

Wanaoutetea mnada wana hoja, na hoja zao si dhaifu. Wanasema mnada unamfungulia mlango wa kutoa mtu ambaye ulimwengu wa fedha umemfungia. Bibi kizee asiyeshika noti kwa mwezi mzima anaweza kuleta yai, na yai lake likaombewa sawa na bahasha ya mfanyabiashara. Wanasema pia kwamba mnada humvuta tajiri katika mzaha wa wenzake akatoa zaidi ya alivyokusudia, na hakuna anayedhurika. Zaidi ya hayo, furaha yenyewe ni kitu. Mtume Paulo alisema Mungu humpenda atoaye kwa moyo mkunjufu, na yeyote aliyepata kusimama nje ya kanisa mnada unapochangamka ameuona ukunjufu huo.

Wanaoutilia shaka nao wana lao. Wanasema kitu kilichotolewa kwa Mungu kimewekwa wakfu, na kama neno hilo lingebaki na maana yake ya pwani, kitu cha wakfu kisingepigiwa bei mlangoni. Wanasema mnada unawahamisha watu macho kutoka kwa aliyetoa na kuyapeleka kwa aliyenunua. Yai lilipoombewa madhabahuni lilikuwa la bibi kizee. Likifika mlangoni na kununuliwa kwa bei kubwa, watu wanaondoka wakilitaja jina la mnunuzi. Naye mnunuzi amepata vitu viwili kwa fedha yake, yai na sifa. Yesu aliwaonya wanaopiga baragumu watoapo, akataka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Waislamu wanayo hadithi sahihi inayomtaja mwenye kutoa sadaka kwa siri hivyohivyo, kushoto kwake kusijue kilichotolewa na kulia kwake, miongoni mwa saba watakaofunikwa na kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila chake. Juu ya jambo hilo msikiti na kanisa havina mzozo.

Lakini mjadala huo, kwa pande zake zote mbili, umemwangalia mtoaji tu. Unauliza nani katoa zaidi na nani katoa kwa moyo gani. Na hilo ndilo jambo ambalo methali iliwakataza watu walisemee. Ili kutoka hapo yafaa kukisoma upya kisa ambacho makanisa hukisoma kila penye mchango, kisa cha mjane maskini katika Injili ya Marko. Yesu ameketi mbele ya sanduku la hazina hekaluni. Matajiri wanatia fedha nyingi. Anakuja mjane, anatia sarafu mbili ndogo, na Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba huyo ametia kuliko wote, kwa kuwa wengine walitoa katika ziada na yeye alitoa katika upungufu, tena akatoa vyote alivyokuwa navyo. Mahubiri mengi huishia hapo, na hugeuka kuwa ombi: toeni kama mjane.

Msomaji asiyefunga kitabu upesi ataona mambo mawili. La kwanza, mistari inayotangulia kisa hicho ni lawama kali juu ya walimu wa sheria wanaopenda viti vya mbele na salamu za sokoni, na wanaokula nyumba za wajane. La pili, mara tu baada ya kisa hicho, wanafunzi wanalisifu jengo la hekalu kwa ukubwa wa mawe yake, na Yesu anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Mjane amewekwa kati ya lawama na hukumu. Kwanza wanatajwa wanaokula mali ya wajane, kisha anaonekana mjane akitia riziki yake ya mwisho katika hazina yao, kisha hazina na jengo lake vinatabiriwa kuanguka. Yesu hakumwambia mtu yeyote afanye kama mjane. Alichofanya ni kumwona, na kuwataka wanafunzi wamwone. Sifa anayopewa mjane ni ya kweli, na sifa hiyohiyo ni shutuma kwa waliozipokea sarafu zake mbili wakaendelea na shughuli zao.

Sheria ya Musa inaongeza uzito. Katika Kumbukumbu la Torati, fungu la kumi la kila mwaka wa tatu liliagizwa liwekwe katika miji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Yaani mjane ametajwa kwa jina la hali yake katika zaka ya Biblia, na ametajwa upande wa wanaopokea. Hapo zaka ya bara na zaka ya pwani, zilizotengana kwa kiwango, zinakutana tena kwa makusudio. Hazina inayopokea yai la bibi kizee, na mwaka mzima haimuulizi amekula nini, imeigeuza zaka juu chini, hata kama kila shilingi imeandikwa katika daftari na kusomwa mbele ya washarika.

Basi jibu la swali la kipimo linaanza kuonekana. Moyo wa mtoaji hauna mizani ya kibinadamu, na afadhali uachiwe aliyeuumba. Mkono wa mpokeaji unapimika. Unapimwa kwa mambo yanayoonekana: kitu kilichotolewa kimekwenda wapi, kimemrudia nani, na aliyekitoa akiwa katika shida atapokewaje katika mlango uleule ambapo yai lake lilinadiwa. Kosa la nyakati hizi ni kuligeuza jambo hilo, kuwapima watoaji kwa bidii kubwa na kuwaachia wapokeaji waende bila ya kupimwa.

Kosa hilo limezaa tawi linalojulikana kama injili ya mafanikio. Humo mtoaji huambiwa sadaka ni mbegu, na kwamba Mungu atamrudishia mara nyingi kwa gari, nyumba au visa ya safari. Kwa mafundisho hayo kutoa hakuwi tena kutoa, ni biashara, na Mungu amefanywa mteja asiyeweza kukataa. Mavuno yakikosa, lawama humwangukia aliyetoa, kwamba imani yake ilikuwa haba, na aliyepokea haulizwi kitu. Mtu mwenye shida hufanya jambo lolote akiahidiwa njia ya kutoka. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokufa hawakuwa walafi. Walikuwa watu wenye haja, na haja ya mtu ni amana kwa yule anayemwita.

Ni haki kusema kwamba Singida yenyewe ina mifano ya kupokea kuliko kwema. Hospitali ya Makiungu ilianzishwa na masista Wamisionari wa Tiba wa Maria mwaka 1954. Walutheri wana hospitali ya Iambi. Itigi kuna Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Wamisionari wa Damu Azizi. Katika nchi ambayo kwa muda mrefu serikali haikuweza kufika kila pahala, mama wengi wamejifungua salama katika nyumba hizo, Wakristo, Waislamu na wasio wa huku wala kule. Sehemu kubwa ya gharama za kuzijenga ilitoka ng'ambo, na mnada wa mayai usingetosha hata kwa milango. Hata hivyo mayai yana kazi ambayo fedha ya ng'ambo haiwezi kuifanya. Anayepokea tu miaka nenda miaka rudi huzoea kuonekana kuwa tatizo. Aliyetoa, hata kidogo, ana haki ya kuuliza. Bibi kizee wa yai moja ni mwenye hisa katika hazina ile, na akifika hospitali hana ada ya matibabu, hakuja kuomba, amekuja kwake.

Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyezijua fadhila na kasoro za Kanisa lake, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, alisema kwa maana kwamba tatizo la dunia si umaskini wenyewe, kwa kuwa ujuzi na nyenzo za kuuondoa zipo, ila ni wanadamu kugawanyika matajiri na maskini. Akalitaka Kanisa lishiriki katika kuipinga mifumo inayowafunga watu katika ufukara, la sivyo litahesabiwa pamoja na wadhalimu. Maneno hayo yanafuata njia ya Basili. Sadaka isiyogusa sababu ya njaa ni kama kumpa maji aliyefungwa kamba shingoni: anayahitaji, na kamba bado ipo. Mwenye kihenge aliyepokea ng'ombe wa jirani mwaka wa njaa, kisha mwaka wa mvua akamletea kikombe cha maziwa ya ng'ombe haohao, ametoa kitu. Lakini jirani anajua yale maziwa yametoka katika titi la ng'ombe wa nani.

Kwa hiyo Mkristo wa Singida hatakiwi kuuacha mnada wala kuiogopa fedha. Vitu hivyo viwili vinaweza kutumika vyema na watu wema. Kinachotakiwa ni kwamba usharika unaopaza sauti kutaja bei ya kuku uwe pia na sauti ya kutaja, mbele ya watu walewale, mjane gani alipelekewa unga, mtoto gani alilipiwa karo, mgonjwa gani alikombolewa kitandani, bila ya kuwafedhehesha kwa majina yao. Na mwenye mali, anapomrudishia bibi kizee kuku wake baada ya kumnunua, ajiulize kama ameununua utulivu wa dhamiri yake kwa bei nafuu, au ameanza kulipa deni ambalo Basili alilisema.

Kutoa kutabaki kuwa moyo, na ulimi wa mwanadamu umekatazwa kuusemea. Kupokea ni amana, na amana ina siku yake ya kuulizwa. Kwa waumini siku hiyo ni ya kiyama. Kwa jirani wa mjane ni mwezi wa Februari, vihenge vinapokuwa vitupu na mtama bado haujaiva.